Usichanganye dawa ili kuondoa masizi kwenye vioo

Masizi ya kuni na mafuta ya taa hayatoki kwa urahisi. Chemni ya taa ikiwa nyeusi, au kioo cha dirisha la jikoni kikikosa kupitisha mwanga, mtu hutafuta dawa kali. Asiporidhika na moja, huongeza ya pili. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kuanzia vijiji kama Mboghoni, huko Taveta, hadi mitaa ya Voi, kero hii inajulikana. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba nchini Kenya hupika kwa kuni.

Dawa za kung'arisha nguo nyeupe, kama Jik, zina kemikali ya klorini. Zikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, siki au maji ya limau, hutoa gesi ya klorini. Zikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za vioo, hutoa gesi nyingine yenye sumu. Gesi hizi huchoma macho, koo na mapafu. Klorini ndiyo Wajerumani walioitumia kama silaha karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Katika jiko dogo lisilopitisha hewa, watoto na wenye pumu ndio huumia zaidi.

Njia salama ni rahisi:

• Zima taa na uache kioo kipoe kabisa. Kioo cha moto kikiguswa na maji baridi hupasuka.

• Vaa glavu, kwani majivu yaliyolowa huwasha ngozi. Chovya gazeti bichi katika majivu laini ya kuni yaliyopoa na kuchekechwa, kisha usugue polepole.

• Osha kwa maji ya sabuni, suuza na ukaushe kabla ya kuwasha taa tena.

Ukihisi harufu kali baada ya kuchanganya dawa, usibaki kumwaga wala kusafisha. Toka nje na uwatoe wengine. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi. Anayekohoa mfululizo au kushindwa kupumua apelekwe hospitali mara moja.

Usihifadhi dawa katika chupa za soda, kwani mtoto huweza kudhani ni kinywaji. Mwisho, kata utambi sawasawa na usiupandishe mno, masizi yatapungua.