Seli za insulini zaoteshwa maabara: kinga ya mwili ndiyo kikwazo kilichobaki

Nyuma ya mfuko wa chakula kuna kongosho, na ndani yake mna vijisiwa vya seli ambavyo daktari Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869. Humo ndimo zilimo seli za beta, zinazopima sukari ya damu usiku na mchana na kutoa insulini kwa kiasi kinachohitajika. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huzigeukia seli hizo na kuziangamiza. Akikosa insulini ya sindano, hufa.

Sindano hiyo imeokoa maisha tangu 1922, ila haiponyi. Dozi ikizidi, sukari hushuka hadi mtu akapoteza fahamu. Isipotosha, sukari hupanda, na miaka inavyokwenda huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu.

Mwaka 2000, James Shapiro na wenzake mjini Edmonton, Kanada, walitangaza kwamba wagonjwa 7 waliopandikizwa vijisiwa kutoka kwa watu waliofariki walikuwa wameacha sindano. Njia ilionekana, lakini makongosho ya kuchangiwa ni machache, na mara nyingi mgonjwa mmoja huhitaji vijisiwa vya wachangiaji wawili au zaidi.

Ndipo watafiti walipoigeukia aina ya seli shina ambayo huzaliana bila kikomo na inaweza kugeuka kuwa seli ya aina yoyote mwilini. Tayari mwaka 1998, James Thomson wa Marekani alikuwa amefanikiwa kuotesha zile za kiinitete cha binadamu. Mwaka 2007, timu ya Shinya Yamanaka wa Japani ilionyesha kuwa hata seli ya ngozi ya mtu mzima inaweza kurudishwa kwenye hali hiyo.

Douglas Melton wa Chuo Kikuu cha Harvard aliingia katika kazi hii kwa uchungu wa mzazi: mwanawe alipata kisukari akiwa mchanga, kisha na binti yake. Mwaka 2014 timu yake ilieleza namna ya kuzalisha seli za beta kwa mamilioni. Seli shina hupewa kemikali na protini kwa zamu, zikifuata hatua zile zile ambazo kiinitete hupitia tumboni. Kwanza huwa tabaka linalozaa utumbo na ini, halafu kongosho changa, na mwisho seli inayohisi sukari na kutoa insulini. Safari hiyo huchukua zaidi ya mwezi, na zamu moja ikikosewa, seli hugeuka kuwa kitu kingine.

Matokeo ya jaribio la tiba ya aina hii, iitwayo zimislecel, yalichapishwa Juni 2025. Seli ziliingizwa kwenye ini kupitia mshipa wake mkubwa. Kati ya wagonjwa 12 waliopata dozi kamili, 10 hawakuhitaji tena insulini ya sindano baada ya mwaka mmoja. Nchini China, mwanamke mmoja aliyepandikizwa seli zilizotokana na mwili wake mwenyewe naye aliacha sindano, kama ilivyoripotiwa mwaka 2024.

Kwa hiyo tatizo la kupata seli linaelekea kutatuliwa. Lililobaki ni kinga ya mwili. Wagonjwa hao wote hutumia dawa za kuidhoofisha, na dawa hizo hufungua mlango kwa maambukizi hatari. Kwa mtoto anayeendelea vizuri na insulini, hatari hiyo ni kubwa kuliko faida. Watafiti sasa wanahariri jeni za seli ili kinga isizitambue, na wengine wanazifunika kwa vifuko maalumu.

Tiba hii bado iko kwenye majaribio. Atakayekuuzia "seli shina" leo kwa ahadi ya kuponya kisukari anakudanganya, na kuacha insulini kwa ajili yake ni kuhatarisha maisha. Endelea na sindano, pima sukari, hudhuria kliniki.