Antena ya Yagi, Jasho la Uda

Ile antena yenye umbo la mifupa ya samaki, iliyojaa juu ya mapaa ya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, ina jambo ambalo fundi aliyekufungia huenda hakukwambia. Kati ya fito zake zote, ni mmoja tu ulioungwa na waya unaoshuka hadi kwenye televisheni. Nyingine zote hazina waya. Zimepachikwa kwenye bomba la alumini zikaachwa hivyo hivyo. Mtu asiyejua angedhani ni urembo, lakini zing'oe uone kama picha itabaki.

Fito hizo zisizo na waya ndizo uvumbuzi wenyewe. Umetimiza karibu miaka 100 sasa, na katika muda huo wahandisi wameunda dishi, antena bapa za paneli na antena zinazogeuza mwelekeo wa mawimbi bila kusogea, wala hakuna kati ya hizo iliyoifukuza hii ya fito. Ni chache sana teknolojia za umeme za miaka ya 1920 ambazo bado zinauzwa dukani kwa umbo lile lile.

Wimbi la redio likipita kwenye chuma, elektroni zilizomo humo huanza kwenda na kurudi kwa kufuata mwendo wa wimbi. Mwendo huo ni mkondo wa umeme, na mkondo unaokwenda na kurudi nao hurusha wimbi lake. Kwa hiyo kila ufito ni mpokeaji na mrushaji kwa wakati mmoja. Huitikia vizuri zaidi ukiwa na urefu unaokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Redio ya FM kwenye megahezi 100 ina wimbi la mita 3, hivyo ufito wake ni wa mita moja na nusu. Televisheni ya dijitali kwenye megahezi 500 ina wimbi la sentimita 60, na ufito wake unaenea kwenye rula ya mwanafunzi.

Sasa chukua ufito mwingine, urefushe kidogo tu kuliko ule wenye waya, uuweke nyuma yake. Kwa sababu ya urefu huo mkondo wake huchelewa. Chukua wa tatu, ufupishe kidogo, uuweke mbele, na mkondo wake huwahi. Tofauti hizo ndogo za kuchelewa na kuwahi, pamoja na nafasi iliyopimwa kati ya fito, hufanya mawimbi yote yapatane na kujumlishana upande wa mbele, na yapingane na kufutana upande wa nyuma. Ufito wa nyuma huitwa kiakisi, na hizi fupi za mbele ni vielekezi. Hakuna nguvu iliyoongezwa kutoka popote. Antena imeacha tu kusikiliza pande zote, ikatega sikio upande mmoja.

Aliyekaa maabara akikata fito, akizipanga na kuzipima moja baada ya nyingine ni Shintaro Uda, mhandisi kijana wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku, mjini Sendai, Japani. Mkuu wake alikuwa Profesa Hidetsugu Yagi. Mwaka 1926 matokeo yalianza kuchapishwa, mengi kwa Kijapani na mengi yakiwa na jina la Uda. Lakini hataza iliandikwa kwa jina la Yagi peke yake. Mwaka 1928 Yagi alikwenda Marekani, akatoa mihadhara, na makala yake ya Kiingereza ikachapishwa katika jarida la taasisi ya wahandisi wa redio wa huko. Humo aliuita mpango wa vielekezi mfereji wa mawimbi, jina zuri kuliko yote yaliyofuata. Ni haki kusema kwamba Yagi alimtaja Uda katika makala hiyo na kuisifu kazi yake. Ila wasomaji wa Ulaya na Marekani hawakusoma Kijapani, wakashika jina la aliyewaandikia. Siku hizi vitabu vingi vya uhandisi huandika Yagi-Uda. Mafundi wetu, kama mafundi wa dunia nzima, bado wanasema Yagi tu. Kwa maoni yangu jina la Uda ndilo lililostahili kutangulia.

Uda hakuishia kwenye nadharia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 antena zake zilikuwa zikipeleka simu bila waya kati ya mji wa Sakata na kisiwa cha Tobishima, umbali wa kilomita 40 hivi. Jeshi la Japani, hata hivyo, halikuona faida ya kifaa kinachotangaza mahali ulipo. Waingereza na Wamarekani waliiona. Ndege za Uingereza zilizowinda nyambizi katika Vita Kuu ya Pili zilibeba rada zenye antena za fito hizi. Singapore ilipoanguka Februari 1942, Wajapani waliteka mitambo ya rada ya Waingereza pamoja na daftari la fundi, na ndani yake neno moja lilijirudia bila wao kulielewa: Yagi. Inasimuliwa kwamba walimhoji mateka Mwingereza, naye akashangaa kuulizwa, kwa kuwa hilo ni jina la profesa wao wenyewe.

Agosti 1945 mabomu ya nyuklia yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki yalikuwa na rada ndogo za kupima kimo, ili yalipuke yakiwa bado angani. Antena za rada hizo zilikuwa za Yagi na Uda.

Huku kwetu fito hizi zilikuja na televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi waliteremsha antena zao wakiamini zimepitwa na wakati. Zilizopitwa ni baadhi tu, zile kubwa za masafa ya chini. King'amuzi cha antena bado kinategemea ufito, mfupi zaidi kwa sababu wimbi limefupika.

Kilichobadilika ni namna kasoro inavyoonekana. Analojia ilikuwa na huruma: mawimbi yakidhoofu unapata chenga, lakini mpira bado unaonekana. Dijitali haina chenga. Picha ni safi, kisha ghafla inavunjika vipande, kisha kioo cheusi. Ndipo watu wanapokimbilia busta. Busta ikifungwa karibu na antena husaidia pale waya ulipo mrefu, kwa kuwa mawimbi hupungua njiani. Lakini hukuza kila kinachoingia, kelele pamoja na picha, na antena iliyoelekezwa vibaya haiponi kwa busta. Wengine hufunga mfuniko wa sufuria. Usiwacheke: mfuniko ni chuma, nao unarusha wimbi lake, basi siku nyingine unaangukia mahali panapofaa. Uda alifanya jambo hilo hilo akiwa na rula.

Wala usilaghaiwe na wingi wa fito. Kuongeza vielekezi vitatu kwenye antena fupi kunaleta tofauti unayoiona. Ukiongeza vitatu kwenye antena ambayo tayari ina kumi na tano, faida ni ndogo mno, na upepo unapata pa kushika. Kabla ya kutoa hela, hakikisha upande wa fito fupi unatazama mnara wa kurushia matangazo, na angalia kama antena za majirani zimelaza fito au zimezisimamisha, kwa sababu mnara ndio unaoamua. Kagua pia kijisanduku cha plastiki ambamo waya unaungwa: maji yakiingia humo, hakuna ufito utakaokuokoa. Bado inasumbua? Muulize muuzaji antena yake ni ya masafa gani, na akikujibu kwa kuhesabu fito, nenda duka la pili.