Kwa Nini Maji ya Injini Huchemka?

Tuseme lori limepakia ndizi Suma, wilayani Rungwe, nalo linapanda kilima polepole kuelekea Tukuyu. Dereva anaona mshale wa kipimajoto umefika kwenye alama nyekundu. Mvuke unatoka mbele ya gari. Je, afanye nini?

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda za injini, hutoa joto jingi. Pampu husukuma maji yapite kando ya silinda na kulichukua joto hilo. Maji ya moto huingia katika rejeta, yaani chombo chenye mirija myembamba. Hewa inayovutwa na feni hupita kati ya mirija na kuyapoza maji. Kisha maji hurudi katika injini. Lori linapopanda kilima kwa gia ndogo, injini hufanya kazi kubwa, lakini upepo upitao katika rejeta ni kidogo. Hivyo hitilafu isiyoonekana kwenye tambarare huonekana mlimani.

Katika usawa wa bahari, maji huchemka yakifikia nyuzi 100 za Sentigredi. Mjini Tukuyu, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, huchemka yakifikia nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha rejeta huzuia mvuke usitoke. Kanieneo ndani ya rejeta huongezeka, na maji huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa wakati huo, kanieneo hupungua ghafula. Maji huchemka mara moja, huruka nje, na huweza kumbabua mtu uso na mikono. Kwa hiyo usifungue kamwe kifuniko cha rejeta yenye moto.

Dereva mwangalifu husimamisha lori mahali pa salama, huzima injini na kukinga magurudumu kwa mawe. Husubiri mpaka rejeta ipoe kabisa. Kisha huchunguza kwa utaratibu:

1. Je, maji yamepungua? Hutafuta yanapovuja. Mpira uliopasuka hubadilishwa.
2. Je, mkanda wa feni umelegea au umekatika? Hukazwa au hubadilishwa.
3. Je, rejeta imezibwa na matope nje, au na kutu ndani? Husafishwa.
4. Je, thamostati inafanya kazi? Hiki ni kilango kidogo kinachofunguka maji yakipata moto. Fundi hukitoa na kukichemsha katika sufuria ya maji. Kisipofunguka, hubadilishwa.

Maji huongezwa injini ikiwa imepoa. Maji baridi yakimiminwa katika injini yenye moto, chuma husinyaa ghafula na huweza kupasuka. Kumbuka pia kwamba kuongeza maji si kutengeneza gari. Sababu isipoondolewa, maji yatachemka tena katika kilima kinachofuata.

Maswali

1. Rejeta hufanya kazi gani?
2. Kwa nini ni hatari kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto?
3. Maji ya rejeta hayakupungua, lakini feni haizunguki. Dereva achunguze nini?