Kabla ya semina nyingine ya lishe, tuwapime kwanza madaktari wanaamini nini

Ukienda kliniki ya sukari au presha huku kwetu Pwani, utapimwa damu, utapimwa uzito, utaandikiwa vidonge. Kuhusu chakula, aghalabu utaambiwa maneno mawili tu: "Punguza wanga." Shangazi yangu alitoka na maneno hayo katika hospitali moja, akaniuliza: "Mwanangu, wanga gani hao? Ni mahamri au ni wali wa nazi? Na Ramadhani nifuturu nini?"

Wengi wetu husema daktari hana muda, au hakusomea lishe. Huenda. Lakini kuna swali jingine ambalo hatuliulizi: je, daktari mwenyewe anaamini kuwa ushauri wa chakula unasaidia?

Jambo hilo hupimika. Mwaka 1932 Mmarekani Rensis Likert alieleza njia inayotumika hadi leo. Mtu hupewa kauli, naye huchagua jibu kuanzia "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa". Kila jibu lina alama, kisha alama hujumlishwa. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitumia njia hiyo kutunga dodoso la kauli 45 kuhusu lishe katika matibabu. Kauli hizo zina mafungu matano: nafasi ya lishe katika huduma ya kila siku, mwenendo wa daktari kazini, uhusiano wake na mgonjwa, imani yake kuwa mgonjwa anaweza kubadilika, na imani yake kuwa yeye anao uwezo wa kumsaidia.

Kwangu mimi, faida iko katika mgawanyo huo. Daktari aweza kukubali kabisa kuwa lishe ni muhimu, na bado asiseme neno kwa kuwa moyoni anaona "hawa watu wetu hawaachi mahamri." Mwingine anawaamini wagonjwa, ila hajiamini yeye. Huyu wa pili atafaidika na mafunzo. Wa kwanza, hata umpe semina kumi, hatabadilika mpaka aonyeshwe wagonjwa waliobadilika.

Dodoso nalo lina udhaifu wake, kwani watu hupenda kujibu linalopendeza. Ndiyo maana majina hayaandikwi, na baadhi ya kauli hugeuzwa ili anayekubali kila kitu bila kusoma ajulikane. Vilevile ni vyema majibu yalinganishwe na yale wagonjwa wanayosema wakitoka chumbani.

Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Maoni yangu ni kwamba karatasi za dodoso ni rahisi kuliko semina ya hotelini, na ni rahisi mno kuliko mguu uliokatwa kwa sababu ya sukari.

Nawe msomaji, ukiambiwa upunguze wanga, usiinuke kitini. Uliza: chakula kipi, kiasi gani, na badala yake nile nini?