Kuitambua Feni ya Zamani Sinemani

Mwanafunzi wa Mpanda atazamapo sinema ya zamani, huenda akaona feni ya mezani ikizunguka kinyumenyume. Kamera ndiyo inayomdanganya. Filamu ya kawaida hupigwa picha 24 kwa sekunde. Feni yenye mapanga manne, ikizunguka mara 6 kwa sekunde, husogea robo mzunguko baina ya picha mbili, huonekana imesimama. Mwendo ukipungua kidogo, huonekana kurudi nyuma.

Kwa hiyo, atakaye kuitambua feni na aichunguze ikiwa imezimwa. Mapanga ya shaba na kinga yenye nyaya chache ni dalili za mwanzoni mwa karne ya 20. Sinema ihusuyo Mpanda ya mwaka 1950, reli ilipofika kutoka Kaliua, ikionyesha feni ya plastiki yenye rimoti, itakuwa imepotosha historia.