Namna Asetileni Inavyopokea Vitu Vingine

Wengi wetu tumeona taa ya kalbidi, ile ambayo wachimba migodi waliivaa kichwani na wenye baiskeli waliifunga mbele ya usukani. Ndani yake maji hudondoka juu ya jiwe la kalbidi, gazi hutoka, nayo huwaka kwa mwali mweupe. Gazi hiyo jina lake asetileni. Tutaeleza hapa tabia yake moja: hupokea vitu vingine bila kutupa cho chote kilicho chake.

Tuanze na kaboni. Kila chembe ya kaboni ni kama mtu mwenye mikono minne. Katika gazi ya etani, kaboni mbili zashikana kwa mkono mmoja, na mikono mitatu iliyobaki ya kila moja yashika idrojeni. Katika etileni zashikana kwa mikono miwili. Katika asetileni zashikana kwa mitatu, na kila kaboni yabaki na idrojeni moja tu.

Basi, wawili walioshikana kwa mikono mitatu waweza kuachilia mmoja wasiachane. Kloro, bromi au idrojeni ikifika, kaboni zaachiliana mkono mmoja, na kila moja yashika sehemu ya mgeni. Etileni hupokea mara moja, asetileni mara mbili. Hakuna chembe inayofukuzwa. Ndiyo sababu kazi hiyo huitwa kuongeza. Etani haiwezi hivyo: ili ipokee kloro, sharti itoe kwanza idrojeni. Kuhakikisha si vigumu: tukipitisha etileni katika maji ya bromi, rangi yake ya kahawia hupotea.

Pengine mgeni ana sehemu mbili zisizo sawa, kama asidi kloridriki, yenye idrojeni na kloro. Kila sehemu itakwenda wapi? Mwaka 1869 Mrusi Vladimir Markovnikov alionyesha ya kuwa idrojeni huenda kwa kaboni iliyokwisha kuwa na idrojeni nyingi zaidi. Msomaji wa Injili atakumbuka mara moja mfano wa talanta.

Sasa tumtaje padri mmoja, Julius Nieuwland, aliyezaliwa Hansbeke, Ubelgiji, mwaka 1878, akakulia Marekani. Alipata upadri mwaka 1903, na mwaka 1904 akamaliza shahada yake ya udaktari juu ya asetileni. Katika majaribio yale aliiongezea asetileni kloridi ya arseniki. Kitu kilichotoka kilikuwa sumu kali hata yeye mwenyewe akaugua, akalazwa hospitalini. Akaiacha kazi hiyo kabisa. Lakini maandishi yake yalibaki, na mwaka 1918 wengine waliyasoma wakatengeneza kwayo gazi ya vita iitwayo luisiti. Vita ilikwisha kabla haijatumiwa.

Padri hakuiacha asetileni yenyewe. Kwa msaada wa chumvi ya shaba, madini yale yale yachimbwayo Katanga, alifanya asetileni ijiongeze juu ya asetileni nyingine. Mwaka 1925 alieleza kazi yake mbele ya wanakemia, na watu wa kampuni ya DuPont wakamsikiliza. Mwaka 1930, katika kundi la Wallace Carothers, Arnold Collins alipata kloropreni, ni kusema asetileni mbili zilizounganishwa, kisha kuongezewa asidi kloridriki. Chembe za kloropreni zikashikana zenyewe kwa zenyewe kama mnyororo mrefu, zikawa mpira. Ndio neopreni, ambao huvumilia mafuta kuliko mpira wa miti. Nieuwland alikufa mwaka 1936. Kwa kuwa alikuwa mtawa mwenye nadhiri ya ufukara, faida ya uvumbuzi wake hakuishika yeye.

Tuangalie basi: sumu ile na mpira huu vyote vyatoka katika gazi moja, kwa njia moja ya kuongeza. Mkono uliofunguliwa wa kaboni hauchagui, hushika anayeletwa. Anayechagua ni mtu ashikaye chupa. Kwa hiyo tujifunze kemia kwa bidii, na kabla ya kuchanganya kitu na kitu, tujiulize si tu kitatoka nini, bali kitamfaa nani.