Kompyuta Inavyousoma Mwendo wa Nyama ya Moyo

Mgonjwa wa presha kutoka Chome au Gonja, huko Upare, akishushwa Same, kisha akapewa rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, kipimo cha moyo atakachokutana nacho kwa kawaida ni Eko. Daktari huutazama moyo ukidunda, halafu hutaja asilimia: kati ya damu iliyojaa chumba kikubwa cha kushoto, ni kiasi gani kilichosukumwa nje kwa pigo moja. Ikivuka 50 kwa nafasi nzuri, mgonjwa huambiwa moyo unasukuma vizuri.

Asilimia hiyo huficha mambo. Presha ya miaka mingi huunenepesha ukuta wa moyo. Nyuzi za tabaka la ndani, zilizolala kwa urefu, ndizo huchoka kwanza, na zile za katikati huzifidia. Damu inaendelea kutoka kama kawaida, kumbe nyama imeshaanza kulegea.

Kuugundua ulegevu huo kunataka kufuata kila kipande cha nyama, na moyo haurahisishi kazi: hujinyonga kama kanga inayokamuliwa, ncha ikizunguka huku, juu kukizunguka kule. Mwaka 1988 Elias Zerhouni, mzaliwa wa Algeria, na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha namna ya kuuchora moyo mistari bila kuugusa. Mashine ya MRI hupata picha kutokana na haidrojeni iliyomo kwenye maji ya mwili. Mwanzoni mwa pigo, mawimbi ya redio huinyamazisha haidrojeni katika vipande vyembamba vya nyama, navyo hutokea kwenye picha kama mistari myeusi. Moyo ukijikunja, mistari hupinda nao. Mwaka uliofuata Leon Axel na Lawrence Dougherty wakaleta njia ya kuichora yote kwa mkupuo.

Tabu ikabaki kwenye kuisoma. Mtu alilazimika kuifuatilia mistari picha kwa picha, kazi ya saa nyingi kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 1999 Nael Osman, Jerry Prince na wenzao wakatoa njia ya kuisoma kwa kompyuta, iitwayo HARP. Waliona kwamba mistari iliyopangwa kwa nafasi sawa ni wimbi. Hesabu ya Fourier hulitenga wimbi hilo, na kila nukta ya nyama hubaki na namba yake popote inapokwenda. Kompyuta huifuata namba, na majibu hutoka kwa dakika chache.

Moyo wenye afya hufupika kwa urefu karibu asilimia 20 kila pigo. Namba hiyo ikishuka, daktari anajua mapema.

Kwa maoni yangu, upimaji huu wa mwendo wa nyama utawafaa Wapare kupitia Eko kabla ya MRI, kwa kuwa zipo programu zinazofuata chembechembe za picha ya Eko yenyewe, bila mistari. Ila hazikubaliani sawasawa. Aliyepimwa kwa moja, arudie kwa ileile.

Lakini presha yenyewe hupimwa mkononi kwa dakika chache tu. Kapime, na ukiandikiwa dawa usiziache kwa sababu umejisikia nafuu.